Panya Waliokataa Kuugua

Madison, Februari

Kaka Anders mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi Karin, na kwa Liv wangu. Natumaini kifua chake kimetulia, na theluji ya huko Duluth haijawafungia ndani. Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho kilichovurugika.

Unaijua ile jeni mbovu, iliyotoka kwa marehemu baba ikapitia kwako bila kuwaugusha ninyi wawili, ambayo madaktari wanasema ndiyo inayomnyima Liv kingamwili. Hapa maabara tumezalisha panya ambao jeni hiyo tumeiharibu vilevile, palepale. Tukawachanja tukitegemea damu yao itoke tupu kama ya Liv. Kumbe kingamwili zimejaa tele, sawa na za panya wazima.

Bosi wangu, Dakta Prudhomme, alinicheka. Panya wetu tunawatambua kwa tundu tunalowatoboa sikioni: sikio la kulia ni mwenye jeni mbovu, la kushoto ni mzima. Akasema bila shaka niliwatoboa wakiwa wamenielekea uso, nikaja kuwasoma nikiwa nyuma yao, kulia kukawa kushoto. Ni kosa la kila mgeni wa kazi hii, na mimi si mgeni. Niliona aibu, lakini nikamwamini. Nikakata ncha za mikia, nikapima jeni upya. Masikio yalikuwa sahihi. Tukachanja kundi jingine, majibu yakawa yaleyale. Sasa hacheki tena, na hata yeye haelewi.

Nilimuuliza kama naweza kuwaambia ninyi. Akanijibu, “Dada, panya si mtu. Ukimpa kaka yako tumaini leo, kesho utamnyang’anya kwa uso gani?” Nimeshindwa kumbishia, na bado nakuandikia. Kama jeni ile haina hatia, basi hukumrithisha Liv ugonjwa, ila pia hatujui kinachomuumiza ni nini. Nifurahi au nilie, sijui.

Kaka, kuna jambo bosi halijui. Nilipimwa mwaka jana, nami ninayo jeni hiyo. Na sasa nina mimba. Kila nikitazama damu ya panya hawa siwezi kusema kama naona kilichopo au ninachokitaka. Naogopa sana.

Mbusu Liv, na Karin mpe salamu zangu, ila hili la mimba libaki kwetu kwanza. Ukijibu, usiniulize habari za panya. Niambie tu: ungejua mapema, ungemzaa Liv?

Mdogo wako akupendaye,
Sigrun