Alliance, Benon na wifi ya Bwera

Phionah, acha kila kitu usome! Yule Benon wa cyber hapa Bwera amemtukana Alliance mbele ya watu.

Simu zetu zote zinaona wifi yake, laptop ya Alliance ya Linux haioni kitu. Benon anacheka: "Kadi ya wifi imekufa. Rudisha kwenu Kongo."

Kwenu! Na Alliance tumesoma naye hapa hapa tangu praimari!

Alliance hakutoka. Akachomeka simu yake kwa waya, akapata intaneti, akatafuta. Kumbe kadi ni nzima! Draiva, ile programu inayoiendesha, ilipangiwa Amerika, na chaneli ya wifi ya Benon kule hairuhusiwi.

Dawa ni kuiambia nchi uliyoko. Benon kasimama nyuma yake. Alliance akaandika Uganda, polepole. Wifi hiyoo!

Akamgeukia: "Imeniuliza niko inchi gani, nimeijibu. Na weye, uko na swali?"