Spika ya kwaya na gauni la arusi

Rubondo, Jumapili jioni

Mjukuu wangu Neema,

Sote hapa nyumbani tunakusalimu. Goti la bibi yako limepona, na maharage yametoka vizuri. Walimu wako huko Mbarara hawajambo?

Umeniuliza kwa nini spika ina sumaku nyuma. Ndani yake kuna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Umeme ukipita, waya huo nao hugeuka sumaku, na umeme ukikatika, nguvu yake huisha. Sumaku hizo mbili huvutana na kusukumana upesi, karatasi ya spika hutikisika, nawe husikia wimbo. Lakini ile ya nyuma haingoji umeme, na ndiyo iliyoniokoa nikiwa kijana.

Nilikuwa fundi mpya wa kushona hapa Rubondo. Asubuhi ya arusi, sindano ya cherehani ilivunjikia ndani ya gauni la bibi arusi. Daftari yangu ya kazi ya siku hizo inasema nilipapasa mikunjo yote mara tatu, ncha sikuiona.

"Fundi, batu beko kanisani! Unataka mutoto achomwe mbele ya pasteri?" shangazi yake alinifokea.

Nikakimbilia kwaya kuazima spika.

"Gauni inataka kuimba?" wakacheka.

Niliipitisha sumaku polepole juu ya kitambaa, kuanzia pindoni. Nilipofika kiunoni, ncha ikachomoza na kunasa.

Shangazi hakushukuru. Alimvalisha binti, akamkumbatia kwa nguvu zake zote, akasikiliza kama atalia kwa kuchomwa. Binti alicheka tu. Ndipo shangazi akapiga vigelegele, nasi tukamfuata hadi kanisani.

Ni mimi babu yako, nikupendaye.