Thati-Thati Yako, Harjit

Ndugu yangu Harjit,

Kwetu Unguja barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako siwezi kuiuliza tena, basi nitakupa ya kwangu. Mimi mzima. Goti ni lile lile, halikupata dawa wala halikuzidi. Mke wangu Zuhura anakusalimu kama vile umesafiri kwenda Nakuru na utarudi na majani ya chai. Nakuandikia juu ya bunduki yako na yaliyoipata baada yako, na naandika wazi ili wasome na wengine, maana wapo waliokuwa wakitucheka.

Asiyejua nimweleze. Thati-thati ni risasi, ile iandikwayo .30-30. Ni ya bunduki ya kizamani, isiyo na darubini, yenye wenzo wa chuma chini yake: unaushusha, unaupandisha, risasi nyingine imekwisha ingia. Risasi zenyewe hulala kwenye bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, pua ya huyu kwenye kisogo cha yule. Kwa hiyo zimetengenezwa pua butu, zisije zikalipuana humo ndani. Wewe ulizipenda kwa hilo tu. Ulikuwa ukiniwekea moja kiganjani na kusema, "Tazama, bana. Hii ni risasi ya watu wanaokaa nyumba moja. Mwenye pua kali hawezi kukaa hapa."

Tulikutana chini ya basi. Mimi nilikuwa kijana niliyeondoka Unguja baada ya Mapinduzi, nikapita Dar es Salaam, nikaja kutua kwenye baridi ya London na kazi ya ufundi gereji. Msimamizi alituweka shimo moja, hatujuani, nikadondosha spana ikakuangukia mguuni. Ukatukana kwa Kiswahili. Tusi lenyewe halifai kuandikwa, lakini kwangu lilikuwa salamu ya kwanza ya maana tangu nishuke kwenye ndege. Nikakuuliza wa wapi. Ukasema Nakuru, na baba yako alikuwa mwindaji.

"Nyinyi watu wa visiwani mnawinda nini?" ukaniuliza. "Kuku?"

"Tunawinda paa," nikakujibu, "na tena hatutukani watu shimoni."

Basi urafiki ukaanza hivyo, na uwindaji ukafuata. Wewe ulipata ruhusa kwa mzee mmoja mkimya mwenye shamba huko Suffolk, aliyekuwa akilia na paa wanaomlia miche. Ukanisukuma na mimi niombe cheti cha silaha, ninunue bunduki, nipigilie kabati la chuma ukutani chini ya ngazi. Nilifanya yote, ijapokuwa sote tulijua kwamba mlengaji ni wewe. Bunduki yangu ilikaa kabatini kama bibi harusi. Paa wa kule ni wafupi, wamepinda mgongo, na uliniambia walitoka Uchina, wakaletwa kwenye bustani za matajiri, wakaruka ua. "Hawa nao wageni," ulisema. "Waliingizwa na wenyewe, sasa wanaambiwa wamezidi." Tukacheka mpaka paa mwenyewe akakimbia.

Shida yetu ilikuwa nyama. Mimi mama yangu alinilea kwamba mnyama asiyechinjwa ni mzoga. Wapo mashehe walionieleza kwamba risasi iliyosomewa Bismillahi inatosha, na huenda ni kweli, lakini koo langu linamsikiliza mama kuliko mashehe. Wewe nawe, Kalasinga, dini yako ilikuwa kinyume: nyama iliyochinjwa kwa kisomo huili, unataka mnyama aliyekufa kwa pigo moja. Watu wawili namna hiyo wanawindaje pamoja? Tulikaa garini na chupa ya chai, tukapitisha sheria. Wewe unapiga. Mimi nakimbia na kisu. Nikimkuta paa bado ana uhai, namchinja, na nyama yote ni ya kwangu Edmonton. Nikimkuta amekwisha kufa, nyama yote ni ya kwako Harrow. Hakuna kugawana, hakuna kuoneana haya.

Mbio zangu unazikumbuka. Goti hili nililiumiza utotoni kwa kuanguka kutoka juu ya mnazi, na tangu hapo nikikimbia naonekana kama mtu anayevuka maji huku ameshika viatu. Risasi inalia, mimi naondoka, kisu mkononi, Bismillahi mdomoni, na nyuma yangu nakusikia unaniita kwa Kiswahili chako cha bara, "Kanyaga, Sheikh! Kanyaga!" Mara nyingi nilifika. Paa amelala, ubavu unapanda na kushuka, nami namgeuza kibla kwa kukadiria jua, namchinja. Ukija nyuma yangu unatazama, unatikisa kilemba chako, unasema, "Haya. Leo mimi nakula maharage."

Wawindaji wenzetu pale walikuwa na bunduki zenye darubini, mtu anapiga kutoka upande wa pili wa bonde huku anakunywa supu. Walikuona na bunduki yako ya thati-thati, kama zile za filamu za kauboi, wakakuuliza farasi umemfunga wapi. Nawe hukukosa jibu. Mara ulisema risasi kubwa zinaharibu nyama, na hilo Zuhura alikuunga mkono, kwa sababu jikoni hakupata kutupa hata pande lililovilia damu. Mara ulisema haipigi bega. Mara ulisema mtu anayeogopa kumsogelea mnyama akanunue nyama dukani. Tena wewe mwenyewe nyumbani ulikuwa na bunduki kubwa yenye darubini, uliyonunua kwa hamu, ukaiacha ilale kabatini. Nami niliyaamini majibu yote, kila moja kwa siku yake.

Na ile Jumapili ya masanduku. Siku hiyo tulipata paa wawili, mmoja nilimwahi, mmoja alinishinda, tukawatia kila mmoja kwenye sanduku lake la barafu, na masanduku yalikuwa mapacha. Mimi nikafika Edmonton, nikaoga, nikalala. Zuhura akapika pilau. Nilipoamka harufu imejaa nyumba, ndipo nikaona shingo kwenye karai, nzima, haijaguswa na kisu. Nikakimbilia simu. Mkeo Manjit ndiye aliyepokea, na mchuzi wake ulikuwa umekwisha kuiva.

"Msile," nikamwambia.

"Shemeji, tulikuwa tunakaribia kutia mkono."

Zuhura alikasirika, si kwa nyama, kwa mchele. Ndiye aliyetoa shauri. Tukakutana mimi na wewe kwenye kituo cha petroli katika barabara ya North Circular, kila mtu amekumbatia sufuria limefungwa kwa taulo, tukabadilishana mbele ya kijana wa kituo ambaye hakujua aite polisi au aombe sahani. Usiku ule nyinyi mlikula pilau la Unguja lenye nyama yenu, nasi tukala mchuzi wa Kipunjabi wenye nyama yetu. Baada ya hapo Zuhura aliniuliza mara kwa mara kama hatuwezi kukosea tena.

Ulipotutoka, tulikusindikiza kwa moto kama ilivyo desturi yenu. Nilisimama nyuma, nikasoma changu kimoyomoyo. Bunduki zako polisi walizichukua zikakae kwa muuza silaha mpaka familia iamue. Ile kubwa ilipata mteja haraka. Thati-thati hakuna aliyeitaka, na mwanao Jaspal akaniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba atawaachia waiponde iwe chuma chakavu. Simlaumu. Ana watoto wadogo nyumbani, na kwake ile ilikuwa silaha tu. Lakini nilipata uchungu ambao sikuutegemea. Kuna siku nilikaa kwenye ngazi, juu ya kabati langu, nikalia kwa ajili ya kipande cha chuma na mti.

Nikaomba niihamishie kwenye cheti changu. Akaja ofisa wa laisensi za silaha, binti mpole, akakagua kabati, akanywa chai ya Zuhura, akafungua mafaili yake.

"Tayari una bunduki ya kuwindia paa," akasema. "Tena ni bora kuliko hii. Hii unaitakia nini?"

"Ilikuwa ya rafiki yangu."

"Pole sana. Lakini hiyo ni kumbukumbu, Bwana Salim. Sheria inataka sababu ya kuitumia."

Nikamwambia inapiga vizuri. Akasema na yangu inapiga vizuri. Nikamwambia haiharibu nyama. Akaandika, lakini niliona kalamu yake haina imani. Aliniomba nifikiri, nimpigie wiki ijayo. Nisipompa sababu, ombi litakataliwa na bunduki itapondwa. Kila jibu lako la kufaa nilikuwa nimekwisha kulitumia.

Nikaenda Harrow. Manjit alinikaribisha jikoni, maana mimi si mgeni wa sebuleni. Unajua Kiswahili chake cha Mombasa kilivyokuwa kikikuaibisha. Nikamweleza, nikamuuliza, "Shemeji, kwa nini hasa aliipenda ile bunduki?"

Akaacha kukanda unga. "Wajifanya hujui, au hujui kweli?"

"Sijui."

"Mimi nilichoka na maharage yake ya Jumapili," akasema. "Nikamwambia, chukua ile kubwa, piga hapo hapo uliposimama, na nyama iwe yetu. Akaniambia, Manjit, nikipiga kutoka mbali, Salim na goti lake atafika kwenye mzoga kila siku. Hiyo ndogo yanilazimisha nisogee mpaka karibu, na yeye awe karibu. Nikamwambia, basi wewe ukose kila wiki ili yeye apate? Akasema, asipopata ataacha kuja. Na mimi nitasema Kiswahili na nani, maana wewe wanisahihisha?"

Harjit, nilivuta kiti cha jikoni nikakaa. Miaka yote ile nilidhani nilikuwa hodari wa kukimbia. Kumbe wewe ulikuwa ukitambaa kwenye tope kwa tumbo, na kilemba, na lile shati lako la kuwindia alilokushonea Manjit, ili mwendo wangu uwe mfupi. Ulipunguza njia yangu kwa magoti yako, na hukunidokeza hata siku moja. Manjit alinipa chai, akaendelea na unga wake, akaniacha nijifute macho.

Yule binti nilimpigia simu siku ile ile. Nikamwambia, "Nimepata sababu. Goti langu bovu. Bunduki hii haifai kwa mbali, kwa hiyo mwenye nayo ni lazima amkaribie mnyama. Nikimjeruhi nitamfikia mapema, hatateseka. Na dini yangu inataka nimfikie akiwa hai." Nikasikia anaandika. Akasema hiyo sasa ni sababu, tena ni bora kuliko za wengi. Cheti kilipokuja, nilikwenda kuichukua kwa muuza silaha, akanipa na sanduku la risasi zako lililobakia, zile pua butu.

Juma lililopita nilikwenda Suffolk peke yangu. Mwenye shamba alinifungulia lango, akakuulizia, nikamweleza, akavua kofia. Nikamwona paa kwenye ukingo wa mahindi, nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya, nikatambaa. Mtu wa umri wangu akitambaa ni kichekesho, lakini hakukuwa na wa kucheka. Nilisogea mpaka nikaona masikio yake yanavyocheza. Nikapiga. Nikaondoka mbio na kisu changu, na mwendo ulikuwa mfupi kweli, hata pumzi haikunipanda. Nilipofika alikuwa amekwisha kufa. Pigo moja. Hakupata hata kutikisa mguu.

Nikarudisha kisu alani. Kwa sheria yetu, huyu alikuwa wa Harrow, nami sikuwa na haja ya kumuuliza mtu. Nikampasua, nikamfunga, nikamtia sandukuni, nikaipita njia ya Edmonton.

Manjit alifungua mlango, akatazama sanduku, akanitazama. "Wa nani?"

"Wenu. Alinishinda."

Alishika kizingiti, akacheka, na machozi yakamtoka papo hapo. Kisha akamwita Jaspal aje abebe. Akapika. Wajukuu wako wakakaa mezani wakibishana kwa Kiingereza juu ya nani apate mguu, na Jaspal, yeye aliyetaka bunduki iwe chuma chakavu, akaongeza mara ya pili na kuniuliza paa nimempiga kutoka umbali gani. Mimi nilikalishwa kwenye kiti chako. Mbele yangu Manjit aliweka maharage na chapati, na harufu ya nyama niliyoiwinda kwa mkono wangu ikawa inanipita puani kwenda kwenye sahani za watu wako, mmoja baada ya mwingine, wote wanakula, wote wana furaha. Kumbe hivi ndivyo ulivyokuwa ukirudi nyumbani. Nilikuwa nikikuonea huruma bure. Nilishiba, Harjit. Nilishiba kuliko Jumapili zote.

Lala salama, mlengaji wangu.

Ndugu yako wa kisu,
Salim