Redio ya Getini na Masta ya Caren

Geti Kuu la Shule,
Al Garhoud, Dubai.
9 Februari 2025.

Mpendwa mpwa wangu Caren,

Machakos mwaamkaje? Mama yako Rebecca na goti lake wanaelewana siku hizi? Mimi ni mzima kama fahali wa maonyesho. Nawe natumai unakula na kulala, maana wasomi husahau yote mawili.

Kaa chini kwanza usianguke. Bahati imeniangukia mjomba wako! Nimefanywa mkuu wa walinzi wote wa shule hii. Nina ofisi yenye AC ya kugandisha samaki, na kiti kinachozunguka. Nikitaka kutazama dirishani sigeuzi shingo, nageuza kiti. Nyumbani ni Al Muraqqabat, chumba changu peke yangu, kikubwa hadi nikikohoa ukuta unanijibu. Ni neti tu inayokataa simu ya video, ndiyo maana barua hii anakuletea Sammy, mlinzi mwenzangu, anakuja likizo.

Sasa tuje kwako. Umeniandikia kwamba masta ya saikolojia ya shule imekushinda. Darasani ulipita, lakini haya mafunzo ya vitendo, kukaa na watoto shuleni chini ya Dakta Francis, yanakuliza. Kila ripoti unayoandika anakurudishia imejaa wino mwekundu, na bila sahihi yake bodi haikupi leseni. Eti uache, uje nikutafutie kazi ya hoteli, kwa kuwa Mjomba ana bahati.

Ngoja, mama. Mimi pia nimekuwa mwanasaikolojia. Kwa siku mbili.

Kuna kitoto hapa, Yaqoub, wa darasa la kwanza. Asubuhi moja kilishika mlango wa gari kikakataa kuingia shuleni. Dereva anabembeleza, yalla habibi, yalla, twende kipenzi, wapi! Nikasema mambo haya ni ya watu wenye akili. Nikampa redio yangu ya ulinzi, nikamwambia, "Bosi, waambie ofisini unaingia." Akaingia akitangaza kama rubani. Nikavimba! Nikamwambia Sammy hawa wenye masta wanapoteza miaka bure.

Kesho yake Yaqoub akalia tena, mkono ameshanyoosha kupokea redio. Nyuma yake wakalia wengine, hata wale ambao hupenda shule kuliko peremende. Kila mmoja anataka kutangaza. Magari yakaziba barabara, honi kama harusi, na mwalimu mkuu akiita getini kwa redio anajibiwa na mtoto anayeimba.

Akatoka Bi Hala, mwanasaikolojia wa shule. Hakunifokea, afadhali angefoka. Akasema polepole, "Onesmus, umewafundisha kulia."

Yeye alianza upya, na hakuwa na haraka. Akazungumza na mama wa mtoto, na mwalimu, akakaa sakafuni akachora na mtoto. Kumbe nyumbani kuna mtoto mchanga, na Yaqoub anaogopa akienda shule atarudi akute nafasi yake imechukuliwa! Mimi nilidhani anaogopa geti. Sasa anaingia mwenyewe, mkononi ana picha aliyomchorea mdogo wake, na mimi hata salamu hanipi. Ndiko kupona huko.

Nikamuuliza Bi Hala alijulia wapi. Akasema chuo, halafu masta, halafu akawekwa shuleni chini ya mama mmoja mkali aliyemrudishia ripoti hadi akawa analilia chooni. Ndipo mtihani, ndipo leseni. Nikamwambia hata anayetafuta leseni ya trela ya mafuta hasumbuliwi hivyo. Akacheka, akasema, "Yule mama ndiye aliyenizuia kugawa redio."

Caren, mimi sikuwa na wa kunirudishia. Huo wino mwekundu wa Dakta Francis ni mtoto fulani anayeepushwa na makosa yako. Mpelekee tena hiyo ripoti. Akiirudisha, lia, nawa uso, andika upya. Yupo Yaqoub wa Machakos ameshika mlango, na anayemjia asiwe mtu kama mimi.

Msalimu mama yako, na Nyanya umpigie kelele kwenye sikio zima. Mungu akupe ngozi ya kiboko na moyo wa siagi.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda kuliko ninavyopenda kusifiwa,
Onesmus.

Nimeisoma tena barua kabla ya kuifunga, nikaona ukisoma habari za kile kiti utapanda ndege uje. Cheo sijapewa. Nalala kitanda cha juu, cha chini ni cha Sammy, na anayenijibu nikikohoa ni yeye. Neti ni nzuri kabisa, sikutaka uone chumba. Kiti ni cha Bi Hala. Alikwenda kuswali, nikakizungusha mara moja. Niko getini, nimesimama.