Njia ya Nyuma ya Madhabahu

Jumapili, mwezi wa Mei. Rasharasha tangu alfajiri, Changamwe yote matope.

Sijapata kumwambia mtu: njia ile ya nyuma ya madhabahu, katika kanisa letu jipya, ni wazo langu.

Nililitoa kwenye kitabu cha Kiingereza cha maktaba ya shule, kinachoeleza makanisa ya kale ya Ulaya. Zamani hizo mahujaji walikuja kwa miguu kutoka mbali kuzuru makaburi ya watakatifu. Wajenzi wakaacha ujia uliopinda kama mwezi mchanga, ukizunguka nyuma ya madhabahu, nguzo zikiutenga na mahali watawa waliposali. Hujaji aliingia upande mmoja, akazunguka, akatokea upande wa pili, na ibada haikukatika. Kitabu kinauita ambulatori. Niliusoma ukurasa ule hata nikawa nauona nikifumba macho.

Mimi sikuwawaza mahujaji. Nilimwaza Mama.

Katika kanisa letu la zamani, la makuti, mtoto akilia mama yake hutoka nje. Ndiyo desturi, hakuna aliyeiandika. Sijui kama Mama amewahi kusikia mahubiri mpaka mwisho tangu nizaliwe. Na mtoto wa mgongoni hunyamaza akitembezwa, kila mtu anajua. Basi nikafikiri: wakipata pa kutembea humo humo ndani, hawatatoka tena.

Mimi ni mwoga wa kusema mbele za watu. Nikamweleza Mjomba Zakaria, kaka yake Mama, mzee wa kanisa na mtu wa kamati ya ujenzi. Nilimchorea kwa kijiti mchangani. Alichuchumaa, akanisikiliza kana kwamba mimi ni mtu mzima mwenziwe.

"Mwanangu," akasema, "hili nitalisimamia mwenyewe."

Nilimwamini. Yeye ndiye hutuambia kila akija nyumbani kwamba Uhuru ukifika hatutasimama tena nyuma ya mtu.

Leo kanisa limefunguliwa.

Ujia upo. Si wa mawe ya kuchonga, ni wa matofali ya saruji, lakini umepinda vile vile. Moyo ulinienda mbio kwa furaha. Halafu nikaona mlango mdogo wa ubavuni, na Mjomba amesimama hapo na koti lake jeusi, akiwapokea mabwana wakubwa wa bandarini na wake zao. Wakapita kwenye ujia, wakatokea mbele kabisa, penye viti vya mito. Hawakulazimika kupita kati yetu hata hatua moja.

Na kina mama wenye watoto? Barazani, chini ya michirizi ya mabati.

Kabla ya ibada Mjomba alisimama kutoa shukrani. Akasema wazo la ujia lilimjia alipokuwa akisali. Watu wakapiga makofi.

Nitasema kweli, maana humu daftarini hakuna anayenitazama. Kilichoniuma kwanza ni kutotajwa. Nilikaa uso ukiniwaka kwa ajili ya jina langu tu. Mama nilimkumbuka baadaye, nilipomsikia Karisa, mdogo wetu, akilia huko nje.

Nikatoka. Mjomba alikuwa amerudi kwenye mlango mdogo.

"Mjomba, si tulisema njia itakuwa ya kina mama?"

"Tulisema itajengwa. Haikujengwa?" Akanishika bega kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza zaidi. "Wale ndio waliotuchangia mabati, mwanangu. Wewe msomi, utafahamu."

Nilifahamu.

Barazani Mama alikuwa akimtikisa Karisa mgongoni, maji yakimrukia miguuni. Jirani yetu, Mama Kadzo, alikuwa na mwanawe begani.

"Karibu, mwana shule," akaniita. "Mungu wa humu ndani ana usingizi mwepesi. Twaambiwa tusimwamshe."

Wenzake wakacheka. Mama hakucheka.

"Usimkasirikie mjomba wako," aliniambia. "Mimi hapa nimeshapazoea."

Ni neno hilo la kuzoea lililonisukuma. Ningeweza kustahimili mengine yote.

Nilimchukua Karisa mgongoni kwa Mama, nikamfunga kwa leso mgongoni kwangu. Mjomba alikuwa amekwisha kwenda kuketi na mlango haukutiwa ufunguo. Nikaingia. Nikaanza kutembea nyuma ya madhabahu, polepole. Karisa akapiga ukelele, padri akasita katikati ya somo, kisha akaendelea. Vichwa vyote vikageuka. Nilipotokea upande wa pili, Mjomba alikuwa ananingoja penye nguzo.

"Dama! Toka nje sasa hivi."

"Abee, Mjomba," nikamjibu kwa adabu zote, nikageuka, nikarudi mumo humo kwenye ujia.

Karisa akanyamaza. Nilipozunguka mara ya tatu Mama Kadzo alinifuata na mwanawe, miguu imejaa matope. Mama hakuja. Alisimama kwenye mlango mdogo, nusu ndani, nusu nje, akinitazama.

Nikaendelea kuzunguka mpaka padri akatoa baraka.