Picha ya Gari la Ami Yake

Muslim, leo Majid kaumbuka huku ugenini Matrah, na safari hii hata mimi nimeshindwa kucheka.

Ile picha aliyolipiga gari jipya la ami yake kampelekea Marhoon wa studio, amkosoe, kisha mwenyewe apige nyingine nzuri zaidi. Mamake anaisubiri Unguja, aone mwanawe kapokewa vyema huku.

Marhoon kaitazama weee. "Jua umelielekea usoni, ndiyo maana gari limekuwa giza tupu. Lipe jua mgongo, upige asubuhi."

Majid akaitikia.

"Na mbona gari dogo hivi? Nusu ya picha ukuta. Sogea, bwana. Umelipiga kama mwizi."

Kama mwizi, Muslim. Mbele ya watu.

Mie nikatia mzaha, "Labda linauma."

Majid akasema chini chini, "Ami kanikataza kulikaribia. Anasema sisi tuliokuja juzi tutamtia aibu."

Marhoon akamrudishia picha taratibu. "Basi mpelekee mama hiyo hiyo. Ataona gari."

Majid kaichana vipande vinne.

"Ataona na niliposimama," akasema.