Uso wa Mithra

Jumatatu, 4 Februari

Baridi ya kukata masikio. Hita ya stoo ya makumbusho inapuliza vumbi tu. Mimi na mwalimu Oreste tumerudi kwenye masanduku ya mchanga, majira ya baridi ya kumi na moja haya. Maelfu ya vipande vya plasta yenye mchoro, ya lile pango la askari wa Kiroma, tunavisimamisha mchangani kuona kipi kinashikana na kipi. Fahali amekamilika. Mbwa, nyoka, nge, wote wapo. Mungu wao Mithra ana kofia nyekundu, joho, mkono wenye kisu — na pale penye uso, tundu la ukubwa wa kiganja. Ukumbi unafunguliwa Ijumaa ya wiki ijayo. Mwalimu kaniambia nisikate tamaa, macho ya vijana huona. Kijana gani, na miaka yangu arobaini na tisa! Nilicheka hata hivyo. Huyu mzee ndiye aliyenifundisha kushika brashi. Baba yangu hakunifundisha hata baiskeli.

Jumatano, 6 Februari

Hamna. Mwalimu alipiga magoti kutafuta chini ya meza, na goti lake lile bovu. Nilimwinua mimi.

Watoto wa shule walipita. Akawaeleza kama kawaida: askari wa Kiroma waliabudu humo pangoni, halafu Wakristo wakaja na sururu, wakaanza na uso. Ndivyo lebo ya ukutani inavyosema. Niliiandika mimi, kwa maneno yake.

Jumapili, 10 Februari



Chakula cha mchana kwa mwalimu. Bi Palmira, mkewe, alioka mwanakondoo. Mwalimu akapitiwa na usingizi kitini, nikaenda jikoni kusaidia vyombo. Kabatini, nyuma ya vikombe vya harusi — jicho. Jicho, pua, nusu ya mdomo. Anatazama pembeni, kama Mithra wote wanavyogeuza uso wasimtazame fahali. Sikuhitaji kupima. Ukingo wa pale palipovunjika naujua kuliko meno yangu.

Bi Palmira akaniona natazama.

"Huyo? Alikuja naye kiangazi kile cha kwanza cha kuchimba. Kahawa ya asubuhi hunywa naye."

Akacheka, maskini. Hajui lolote. Nikafuta sahani. Nikala na keki. Mlangoni mwalimu akanibusu kwenye paji la uso!

Jumatatu, 11 Februari

Kikulacho ki nguoni mwako. Sikulala, na kazini sikwenda, nimesema nina mafua.

Miaka yote hiyo kakaa pembeni yangu *anatafuta*! Anainua kipande, anakigeuza, anatikisa kichwa. Amenichezea shere. Niliondoka harusi ya dada yangu kabla ya chakula kwa sababu boksi jipya limefunguliwa — na yeye ndiye aliyenipigia simu nije!

Na wale Wakristo wa watu. Wamelala makaburini karne kumi na sita, sisi tunawasingizia mbele ya watoto. Labda vingine walivunja, sijui. Huu uso walituachia.

Jumatano, 13 Februari

Nimemwambia. Hakukana. Alikaa kwenye stuli, akavua miwani. Kasema kile kipande alikiokota jioni ya kwanza, kina matope, akataka kukisafisha nyumbani na kukirudisha asubuhi. Asubuhi akasema ngoja kesho. Halafu nikaja mimi na bidii zangu, kila siku kuulizia uso, akashindwa kusema. Eti mimi ndiye niliyemfungia mlango! Nilitaka kumpiga. Nikaona vidole vyake vilivyopinda, nikaanza kulia badala yake, na hilo limeniudhi zaidi.

Kuiba kitu cha machimboni ni jela. Ana miaka sabini na minane. Analijua hilo, na anajua kwamba nalijua.

Kisha akatoa dawa yake. "Nitakiweka mchangani, sanduku la mwisho. Ijumaa utakipata wewe, mbele ya kamera. Kitakuwa chako, mwanangu."

Nikamuuliza hiyo ni zawadi au hongo. Akavaa miwani yake.

Ijumaa, 15 Februari

Naandika chooni, nimejifungia.

Leo nilitangulia kufika. Kipande kilikuwa mchangani kama alivyosema, kimesimama wima. Nilikusudia kukipeleka moja kwa moja kwa mkurugenzi, Daktari Tiraboschi, na kumwambia kilikotoka. Kweli nilikusudia. Nikakishika, kikaenea kiganjani. Chini ya jicho mchoraji alikosea, akafuta kwa kidole. Alama ya kidole bado ipo. Nilisahau nimesimama wapi. Nikasikia viatu kwenye ngazi, nikakitia mfukoni mwa aproni.

Wakaingia: mkurugenzi, meya, watu wa televisheni. Mwalimu akasema kwa sauti ya kusikika, hebu Ersilia ajaribu na sanduku la mwisho. Nikapekua mchanga mbele ya kamera. Nikawaambia hamna kitu. Mwalimu akawa mweupe kama chokaa. Nami nikaomba ruhusa kidogo.

Sasa anagonga, taratibu, wengine wasisikie.

"Ersilia. Kiko wapi?"

"Sijakiona, mwalimu."

Limetoka lenyewe, laini kabisa, wala sauti haikutetemeka. Bado yuko hapo mlangoni, namsikia anavyohema. Huko ukumbini meya ameanza kuhutubia. Uso uko mapajani pangu. Nikiutoa sasa, wataniuliza ulikuwa unafanya nini mfukoni mwangu. Ngoja kwanza wageni waondoke.

Anagonga tena.